Jeshi Lililopotelea Ukunguni

Miaka yangu ya mwanzo Toronto nilikuwa nikimhudumia mama mmoja wa Kiitaliano, mjane aliyepita miaka themanini, nyumbani kwake Scarborough. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimsindikiza kwa daktari. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya kwao na changu cha Iringa, lakini tulielewana.

Asubuhi moja, theluji ikiwa inayeyuka, tulitoka kwa daktari tukakuta ukungu umeufunika mji.

"Nipeleke ziwani," akasema.

"Mama, kuna baridi."

"Koti si ninalo?"

Teksi ikatushusha chini kabisa, ufukweni. Nyuma yetu kulikuwa na magenge marefu ya udongo na mbele yetu maji, ila hatukuyaona. Tuliyasikia tu yakilamba mawe. Akasimama akiegemea fimbo yake, uso umebadilika kama wa msichana.

"Ilikuwa hivihivi," akaniambia. "Kijijini kwetu, kando ya ziwa. Zamani za Warumi."

Akanisimulia kwamba jemadari mmoja kutoka Afrika, ule upande wa Tunisia, alivuka milima na jeshi lake akaingia Italia. Akawaficha watu wake vilimani, juu ya njia nyembamba iliyopita kati ya vilima na ziwa. Alfajiri Warumi wakaja kwa mstari mrefu, ukungu umetanda, hawaoni kitu. Ghafla makelele yakawashukia kutoka juu. Wengi hawakupata hata nafasi ya kuchomoa panga. Wengine walikimbilia majini na silaha zao nzito, wakazama. Inasemekana ardhi ilitetemeka siku ile, tetemeko la kubomoa miji, na waliokuwa wakipigana hawakulisikia.

"Wale wa mbele walipenya," akaendelea. "Wakapanda kilima. Wakawa wanasikia wenzao wanalia huko chini, hawawaoni. Ukungu ulipoinuka ndipo wakaona. Jeshi zima limelala."

Baba yake, akasema, alikuwa akilima shamba la mizabibu pale, na jembe la ng'ombe likiibua vipande vya chuma alivua kofia kwanza kabla ya kuviokota.

Akanigeukia. "Ni watu wa kwenu waliofanya vile."

"Kwetu ni mbali sana na huko, mama." Kisha nikasita. "Lakini hata sisi tunalo la namna hiyo."

Nikamweleza kuhusu mnara ulioko nje ya mji wetu, njia ya kwenda Morogoro, ambao Wajerumani waliujenga kuwakumbuka wenzao waliouawa pale walipokuja kututawala. Wahehe walijificha kwenye majani na mawe, Wajerumani na askari wao wakapita kwa mstari, na kwa muda mfupi tu mambo yakawa yamekwisha. Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa kuuona. Tulichezea pale, tukala miwa.

"Mlishinda?"

"Siku ile, ndiyo. Baadaye walirudi."

"Na Roma ilirudi," akasema. Akanishika mkono. Sikuwahi kudhani kwamba mtu wa Ulaya na mimi tungekuwa tumekulia juu ya ardhi ya aina moja.

Jioni nilimpigia baba simu nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Bibi yangu alikuwepo," akasema.

"Vitani?"

"Alikuwa mtoto, kijiji cha jirani. Walikatazwa kuwasha moto, moshi usije ukaonekana. Watoto walitafuna mahindi makavu siku nzima, na aliyetaka kulia mama yake alimziba mdomo. Alikuwa akisema makelele ya vita aliyasahau. Kile kimya cha kabla yake hakukisahau mpaka anakufa."

"Baba, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza, mwanangu."

Nilibaki nimeketi kitandani na simu mkononi. Nilimwomba anieleze tena, polepole, kuanzia pale walipokatazwa kuwasha moto.