Kitabu cha Binamu

Majirani walisema sitajenga hata choo. Nilirudi kijijini kwetu Sosiot kutoka Qatar na diploma yangu, nikainua nyumba ya mawe wanayoionyesha wageni. Ila ndani yake nikaanza kulia bila sababu.

Niliazima vitabu vya kutuliza moyo kwa mwalimu mstaafu, kwa nesi, na kwa binamu yangu, kiongozi wa ushirika wetu wa maombi wa nyumbani. Kitabu cha binamu kilisema: mwambie mtu mmoja unayemwamini. Nikamwambia yeye.

Jioni ya ushirika, kabla ya mursik, maziwa yetu ya mgando, kumiminwa, alifumba macho akaomba kwa sauti: "Baba, mguse ndugu yetu anayelia kama mtoto kwa ile nyumba kubwa."

"Amina!" wakaitika wote.

Kesho yake, tukipima majani chai, jirani akaniita, "Bosi, leo umelia ama bado?"

Nilimtafuta mshauri Kericho mjini, asiyenijua, nikapona. Ni wangapi hapa wangethubutu?

Kisha nikarudisha vitabu vyote siku moja, cha binamu mwisho.

"Nikupe kingine?" akauliza.

"Hapana, ndugu. Anza wewe kusoma hiki."