Nilipoambiwa Nikalie Boneti

Nakumbuka siku ile pale Kamakis, kando ya bypass, moshi wa nyama choma ukipita juu yetu na mtoto wangu Wambui amelala mgongoni kwangu. Shemeji yangu Muchiri aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni kama mtu anayepima gunia la viazi, akasema, "Mama Wambui akalie boneti. Ako na uzito mzuri."

Nilidhani ni mzaha, kwa sababu Muchiri ni mtu wa mzaha. Lakini mume wangu, Baba Wambui, alikuwa ameshika mlango wa pikapu na hakucheka.

Nyuma ya hiyo pikapu walikuwa wamening'iniza kanta, yale malori madogo ya mizigo, iliyokufa injini. Kanta ilikuwa tupu, lakini bado ilikuwa imevuta mkia wa pikapu chini mpaka pua yake ikaangalia mawingu. Magurudumu ya mbele yaligusa lami kidogo tu. Ukizungusha usukani, gari linafikiria kwanza. Dawa yao ilikuwa mtu mmoja kukalia boneti ili mbele paende chini. Siku zote mtu huyo alikuwa Muchiri, anakaa pale akitafuna mahindi choma na kupungia watu mkono kama mheshimiwa. Siku hiyo goti lilikuwa limemvimba.

"Ni hadi Kimbo tu," Baba Wambui akasema. "Nitaenda pole pole."

"Na mtoto?"

"Mtoto abaki hapo mgongoni," Muchiri akajibu. "Hata yeye anaongeza kitu."

Mwanangu, sikupiga kelele. Niliwaangalia wote wawili, nikakaza leso iliyomshika mtoto, nikavuka barabara. Nilipogeuka nyuma, jamaa mmoja wa pale pa nyama alikuwa tayari amepanda boneti, mfupa bado uko mkononi, na pikapu ilikuwa inaondoka.

Nakuita mwanangu ingawa huenda tumelingana umri, au hata umenipita. Mimi si mzee. Nilimaliza kidato cha nne juzi tu, na mtoto wangu hata hajaacha kunyonya. Lakini mambo ya hiyo pikapu yamenizeesha, kwa hivyo nivumilie nikushauri kama mzee.

Pikapu ilikuwa ya baba mkwe, marehemu Guka. Alikuwa akibeba nayo mananasi na chakula cha ng'ombe kutoka kwao Gatuanyaga hadi sokoni Thika. Mimi niliolewa nikaikuta imeegeshwa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Guka alipofariki, watu wengi walitaka kuinunua kama chuma chakavu. Vijana wake walikataa. Gari la baba haliuzwi, walisema, na mimi niliwaelewa. Mtu akiondoka, unashika kile alichokuwa akishika.

Basi wakakubaliana kuifufua, iwe ya kuvuta magari yaliyokwama, breakdown kama tunavyosema huku. Kazi hiyo ipo. Simama kati ya Githurai na Thika asubuhi moja uone magari yanavyochemka. Wakaipeleka kwa fundi mmoja Ruiru, na kila mtu wa ukoo akatoa kitu. Springi za nyuma zikaongezwa vyuma. Mkono wa kuinulia magari ukachomelewa hapo nyuma, mnene kama shina la mparachichi. Injini ikashushwa, ikaoshwa, ikarudishwa. Rangi ikapigwa, kijani ileile ya Guka.

Mimi nilikuwa nikipeleka chakula gereji, kwa hivyo niliona mambo. Niliona chesi, ule uti wa mgongo wa gari, imeliwa na kutu mpaka kidole changu kikaingia. Siku iliyofuata tundu halikuwepo. Lilikuwa limezibwa kwa puti, si kwa chuma, na kupakwa rangi nyeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikamuuliza Baba Wambui, "Na breki, mmebadilisha?" Akasema breki ni zile zile za Mzee, na Mzee hakuwahi kupata ajali.

Hilo ndilo jina waliloipa pikapu, Mzee. Mzee ameamka. Mzee anataka mafuta. Mzee hawezi kutuangusha. Ukilisikia jina hilo kutwa, unaanza kuona haya kuuliza maswali, kwa sababu ukiuliza kuhusu breki ni kama unamsema marehemu.

Halafu ikaombewa. Gari likitoka gereji kwetu huombewa, na mimi sina neno na maombi. Pasta alikuja Gatuanyaga, akapaka mafuta kwenye magurudumu yote manne na usukani, akina mama wakaimba, chai na mandazi vikapita. Shosho, mama mkwe wangu, alilia injini ilipowaka. Alisema ni kama kumsikia mumewe akirudi kutoka sokoni. Lakini kuanzia siku hiyo, kila nilipotaja chesi au breki, jibu lilikuwa neno moja: imeombewa. Muchiri akawa ananiuliza mbele ya watu kama mimi ni mwamini kweli ama naenda kanisani kwa sababu ya mandazi.

Sasa nikuambie maisha yangu yalivyokuwa. Tunaishi Kimbo, chumba chetu kinaangalia barabara. Nilijifunza sauti ya hiyo pikapu kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Jioni nikipika, sikio liko nje. Ikichelewa, napiga simu. Simu isiposhikwa, naacha ugali uungue nikasimama mlangoni. King'ora chochote kikipita Thika Road, nazima jiko nisikilize. Nikiona watu wamekusanyika kando ya lami, natazama kwanza kama kuna rangi ya kijani. Maziwa yalianza kunipungua, na mtoto akawa analia kwa njaa huku nimemshika kifuani. Siku moja Baba Wambui alifika akiwa na suruali yenye vumbi hadi kiunoni. Nilimuuliza nini. Akasema, "Nilitumia mtaro kidogo kusimama." Mtu anasimamisha gari kwa mtaro na anakuomba chumvi.

Kwa hivyo siku ya boneti, nilipovuka barabara pale Kamakis, sikurudi Kimbo. Nilienda moja kwa moja Gatuanyaga kwa Shosho. Nilijua vijana wake wananiona mimi ni mke tu, mgeni, lakini neno la mama yao hawawezi kuliruka.

Nilimkuta akimenya maharagwe. Akampokea mtoto kama kawaida yake. "Nipe mimi mdogo," husema, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume. Wambui ni yeye, na yeye ni Wambui.

Nilimweleza yote, kutu na puti na breki na mtaro. Aliendelea kumenya. Akasema, "Wanaume wana kazi zao." Akasema kila gari lina kelele zake. Nikaona nimepoteza nauli. Hapo ndipo nikamwambia jinsi nilivyoombwa nikalie boneti, na Muchiri alivyosema mtoto abaki mgongoni aongeze uzito.

Aliacha kumenya.

"Walitaka kumweka Wambui kwenye boneti?"

"Ndiyo, Shosho."

"Hilo ni jina langu." Alimshika mtoto miguu yote miwili. "Wanataka kunigongesha mimi nikiwa hai."

Akampakata mtoto vizuri. Halafu akaniambia jambo ambalo vijana wake hawajui. Guka hakuegesha ile pikapu kwa sababu ya uzee. Siku moja alikuwa akiteremka kuelekea daraja la Chania pale Thika, mzigo nyuma na yeye Shosho kando yake, akakanyaga breki zikaenda mpaka chini. Walisimamishwa na ukuta wa udongo. Guka alishuka, akatafuta watu wa kuivuta. Walipoivuta mpaka nyumbani, akaiegesha nyuma ya nyumba, akaifunika turubai, akamwambia mkewe, "Hii haitabeba mtu tena."

Nikamuuliza, na moto ulikuwa unanipanda kichwani, "Sasa mbona hukusema walipoanza kuitengeneza?"

"Nilitaka kusikia ile injini," akasema. "Asubuhi moja tu. Halafu pasta akaja, watu wakaimba, ningesemaje tena? Ningekuwa nimeharibu."

Nilimuomba awapigie vijana simu. Akapiga. Muchiri akacheka, akasema breki zilishafungwa vizuri, Mami asiwe na wasiwasi, na kesho asubuhi wana kazi kubwa, kanta iliyojaa mawe ya kujengea, kuivuta kutoka Thika mpaka Ruiru. Akakata.

Kanta tupu iliinua pua ya pikapu juu. Hii imejaa mawe, na njia ina miteremko yake. Shosho akaweka simu chini.

"Mimi nimesema nikiwa nimechelewa, na wamenicheka," akasema. "Wewe usikae hapa ukinililia. Nani alikuambia kazi ya mke ni kusimama mlangoni akisikiliza? Nenda useme mahali ambapo hawatakata simu. Wakiuliza kuhusu breki, nitasema na mimi."

Nilikasirika, nikuambie ukweli. Mtu ananyamaza kipindi chote hicho, halafu ananifokea mimi. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni miezi, na kusimama kwangu hakukufunga hata boliti moja. Nilimwachia mtoto, nikaenda kituo cha polisi Thika.

Askari wa zamu aliniuliza shida ni nini. Nikasema ni mume wangu na ndugu yake. Kabla sijamaliza akaanza kuandika ugomvi wa nyumbani.

"Afande, hakuna ugomvi," nikasema. "Hakuna mtu amenipiga. Kuna gari."

"Gari limeibwa?"

"Halijaibwa. Liko. Hiyo ndiyo shida."

Aliweka kalamu chini. "Mama, unataka kumshtaki bwanako kwa sababu ya gari la familia? Mmeongea nyumbani?"

Nikamwambia tumeongea mpaka maziwa yakakauka. Nikaomba karatasi niandike mwenyewe. Nafikiri alinipa ili niondoke pale mbele yake. Nilipomaliza, alisoma mara ya kwanza haraka, na mara ya pili pole pole, kisha akamwita mkubwa wake.

Asubuhi walizuiwa kabla kanta haijafungwa. Leo ninapoandika, pikapu imeegeshwa uani pale kituoni ikingojea mkaguzi. Muchiri ananiita OCS, yaani mkuu wa kituo. Nikipita, anapiga saluti na lile goti lake bovu. Wengine wa ukoo wanasema nimemfunga Guka kaburini mara ya pili. Baba Wambui anakula chakula changu bila kuniangalia, halafu anambeba mtoto anaenda kukaa nje. Sijui mkaguzi atasema nini. Naogopa atapewa chai aseme ni nzima. Usiku silali vizuri bado. Lakini wakati wa chakula cha jioni nahesabu sahani, na ya Baba Wambui iko mezani.

Mwanangu, nikushauri sasa. Ukiona hatari nyumbani kwako, sema siku unayoiona. Usingoje mpaka watu waimbe, kwa sababu wakishaimba utaonekana mchawi. Ukiambiwa imeombewa, itikia amina, kisha uulize breki. Kitu cha marehemu kipende, kioshe, kipake rangi, lakini uulize pia kwa nini mwenyewe alikiegesha. Na ukisema nyumbani usisikike, toka useme kwingine, hata kama watakuita majina. Heshima ya mke si kukaa kimya akingojea kuitwa mjane. Na wewe kijana wa kiume unayesoma hapa ukicheka, mke wako akikuuliza swali moja kila jioni, si kwamba anapenda kelele. Anakuhesabu.

Mungu akulinde barabarani. Akupe watu wa kukusumbua kwa maswali, na masikio ya kuwasikia. Ufike nyumbani ukute chakula bado kina moto, leo na siku zote.

Na haya ndiyo niliyoandika pale kaunta. Nayaweka kama yalivyo.

*Kwa mkuu wa kituo. Mimi ni mkazi wa Kimbo, Ruiru, mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kuhusu pikapu ya kijani ya familia ya mume wangu, inayotumika kuvuta magari. Chesi yake imeoza na imezibwa kwa puti. Nimeona kwa macho yangu na kidole changu kimeingia. Breki zake zilikataa zamani na mwenyewe akaiegesha, na mama mkwe wangu yuko tayari kusema hivyo. Ikivuta gari inainuka mbele, kwa hivyo wao huweka mtu juu ya boneti. Leo walitaka mtu huyo awe mimi na mtoto wangu. Kesho asubuhi itavuta kanta ya mawe kutoka Thika. Naomba izuiwe kabla haijafungwa kanta hiyo, na isirudishwe barabarani mpaka ikaguliwe. Dereva ni mume wangu. Sina kesi naye, namtaka arudi nyumbani. Akiuliza ni nani aliyesema, msimfiche. Mwambieni ni mimi.*