Fundi Fungua na Ubavu Wake

Jina alilopewa na wazazi wake watu walikwisha kulisahau. Mtaa mzima ulimwita Fundi Fungua, kwa sababu mtu huyu hakuwa na dogo. Umletee gari linalovuja mafuta kidogo tu, atashusha injini nzima. "Siwezi kutengeneza nisichokiona," alisema. Wateja walinung'unika, lakini wakirudi siku nyingine, walirudi na gari jingine, si lile alilokwisha kulitengeneza.

Basi ugonjwa ulipomkuta, akautendea vilevile. Picha zilionyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto, mdogo kuliko limau. Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza taratibu.

"Njia ziko mbili, baba. Naweza kupitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo, au nikupasue ubavuni. Kwa uvimbe kama wako, njia zote mbili zinautoa na kukuachia figo. Ila ukipasuliwa, misuli ya ubavu inaweza kulegea. Mimi nashauri matundu."

"Sasa kwa tundu utaonaje kilichojificha nyuma?"

"Kamera inaona vizuri kuliko macho yangu."

"Hapana, daktari. Nifungue."

Mkewe akamvuta shati. "Mume wangu, msikilize. Yeye ndiye anayejua."

"Mke wangu, gari hili ni langu."

"Na mimi abiria nisiseme?"

Wakacheka, hata daktari. Laiti siku ile mwanamke yule asingetania, bali angelia na kugaragara sakafuni! Lakini alimjua mumewe: akishika lake, ameshika. Akakubali shingo upande.

Uvimbe ukatoka wote. Figo ikabaki, na vipimo vikaja visafi. Ndugu wakashukuru, naye akashukuru nao, hadi mshono ulipopona na ubavu ukabaki umetuna, hauna nguvu. Akiinama, maumivu yanamkata pumzi. Akarudi kwa daktari.

"Mazoezi yatakusaidia kiasi. Vitu vizito, baba, usiguse tena."

"Hata jeki?"

"Hata jeki." Hapo fundi akafa moyo.

Hata hivyo alifungua gereji. Angekwenda wapi? Kazi nyingine hakuijua. Asubuhi hiyo akaja bibi mmoja mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu zamani, tairi limepata pancha. Fundi akamwomba jirani apige jeki na kubadilisha tairi, lakini nati akataka kuzikaza mwenyewe. Akashika spana, akajikaza. Ubavu ukakataa. Akajaribu tena, jasho likimchuruzika, na nati haikusogea.

Bibi akamsogelea, akaichukua spana mkononi mwa fundi kwa upole.

"Niachie, mwanangu. Nitakaza mwenyewe."

Akainama na magoti yake mabovu, akakaza nati moja baada ya nyingine. Fundi alisimama pembeni, akimshikia mkoba.