Kibuyu cha Tembo Katika Darasa la Kemia

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Fondo Randu anashika njia ya Changamwe kuelekea shule ya misheni, kibuyu cha tembo la mnazi kwapani. Watu wanamtazama. Muuza mihogo anashindwa kujizuia: "Mwalimu, leo mapema hivi?" Fondo anacheka, anamsabahi, anapita zake.

Tembo hilo limekaa wiki kadhaa, limechacha hadi kuwa siki kali. Lakini nani atajua kwa kutazama kibuyu? Uvumi umeenea, na ndiyo maana leo wazee wa kanisa wanaoisimamia shule wanakuja darasani. Wataamua kama somo la kemia liendelee au lifutwe.

"Shule hii imejengwa na watu walioapa kuacha tembo," ananiambia Fondo. "Mtoto akirudi nyumbani akasema mwalimu kaleta tembo darasani, baba atalala? Siwalaumu."

Fondo, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, aliionja kemia kwanza wakati wa vita, alipokuwa msaidizi katika hospitali ya jeshi. Aliporudi akasomea ualimu. Mwaka jana, 1947, alifundisha kama alivyofundishwa yeye: Kiingereza ubaoni, watoto wakariri. Walikariri maana ya asidi kama zaburi. Mtihani ulipokuja, kati ya wanafunzi thelathini na wawili walipita watano tu.

"Nikamuuliza mmoja, asidi umeiona wapi? Akanijibu, ubaoni." Anatikisa kichwa. "Mtoto yule si mjinga. Lugha ngeni inamtia woga, na kitu chenyewe hajapata kukishika. Hapo hata umchape, utamchapa bure."

Wengi wetu tulisoma hivyo, na tukasahau hivyo hivyo.

Basi mwaka huu Fondo anaanza kila somo kwa Kiswahili, na vifaa vyake anavitoa jikoni: siki, magadi, manjano. Mtihani uliopita wamefaulu kumi na tisa.

Saa tatu Mzee Lewa Nguma, kiongozi wa wazee hao, anaingia na wenzake wawili. Anajibana kwenye dawati la nyuma. Akikiona kibuyu, uso unamkunjamana.

"Mwalimu, wewe nyamaza," anasema. "Nataka kuwasikia watoto. Wewe binti, waitwaje?"

"Abee, Babu. Naitwa Kahaso."

Fondo ananiambia baadaye kwamba nusura amjibie. Mwaka jana Kahaso hakufungua kinywa muhula mzima.

"Humo mna nini?"

"Mlikuwa na tembo, Babu. Limechacha, sasa ni siki, ile ambayo mama hutilia achari. Tembo hulewesha, hii haimleweshi mtu. Tazama."

Anachovya kitambaa kilichotiwa manjano katika maji ya magadi. Kinageuka chekundu. Anakimiminia siki, nacho kinarudi njano. Wazee wawili wamekwisha kusimama, wanasogea.

"Siki ni asidi, na magadi ni hasimu yake," anaeleza Kahaso. "Vikikutana, kimoja humvunja mwenziwe nguvu."

Mzee Lewa anakiinua kibuyu, ananusa, anapiga chafya kubwa. Darasa zima linacheka, na mwishowe naye anacheka.

Wazee wanatoka nje kunong'onezana, kisha wanarudi na uamuzi: somo litaendelea, ila siki iletwe kwa chupa. "Kibuyu kinatuaibisha njiani," anasema Mzee Lewa.

Fondo anakubali papo hapo. Furaha haifichiki usoni mwake. Sasa anataka kujenga kibanda cha makuti nyuma ya darasa, kiwe mahali pa majaribio peke yake.

"Hawa nitawaona hospitalini wakichanganya dawa, Mungu akipenda," anasema. "Nao watajua wanachanganya nini."

Mlangoni, Mzee Lewa anasita.

"Mwalimu, na chokaa tunayopaka kanisani, hiyo iko upande wa siki au wa magadi?"

"Ilete Jumatatu, Mzee, tuijaribu."

"Nitaileta. Lakini msianze kabla sijafika."