Mbavu Zake, Jicho Langu

Aliyenishika mkono ni mwalimu mwenyewe. Hilo nalitanguliza, maana watu wakisimulia habari zake huliruka.

Tulikuwa kando ya mfereji, upande wa Aston, huku Birmingham, jua halijazama. Vijana watatu na mbwa. Wa kwanza alimpiga mwalimu, mzee wa watu, teke la tumbo, akaanguka chali, na kile kitambaa cheupe alichokuwa akifunga mdomoni kikamwingia kinywani akaanza kukosa pumzi. Wa pili akamkanyaga mbavu. Nilizisikia zikivunjika. Mimi si legelege, nimebeba mizigo maisha yangu yote. Nilimrukia wa tatu aliyekuwa na chuma, nikamnyang'anya, nikamtandika nacho goti akalia kama mbuzi. Nikakiinua tena, sasa nalenga kichwa. Hapo mzee akajikokota akapiga magoti, damu zinamtoka puani, akanidaka mkono kwa mikono yake miwili akaning'inia. Mtu mkavu vile, lakini siku hiyo alikuwa mzito kama gunia la saruji.

"Hapana piga," akasema. "Hapana."

Nikageuka kumtazama. Nilipogeuka, chupa ikapasukia kwenye jicho langu la kushoto.

Jicho hilo halipo. Pale pana gololi ya kuziba shimo, na baridi ikizidi naumwa mpaka kwenye meno.

Wacha nirudi nyuma. Mimi ni mtu wa Nakuru, shule niliachia darasa la sita. Birmingham nilifika miaka ya mwanzo wa elfu mbili, nikapata kibarua Tyseley, kuchambua takataka kwenye mkanda: chupa huku, mabati huku, panya waliokufa huku. Mgongo ulipokataa, msimamizi wetu mmoja, Mhindi mzaliwa wa Nairobi, akanieleza kuna mzee wao anatafutiwa mtu wa kutembea naye. Nilidhani ananitania. Kazi gani hiyo ya kutembea?

Ilikuwa kweli. Hao ni Wajaini, Wahindi wa dini isiyoruhusu kuua hata mdudu. Mzee wao hakuwa mtawa kamili, maana watawa wao hawapandi ndege, na yeye alikuja Uingereza kwa ndege akiwa muuza duka kama wengine. Lakini mke wake alipokufa aliwagawia watu kila kitu, akavaa shuka nyeupe, akaapa hatapanda tena gari, hatakula jua likizama, hatapika. Alizunguka nyumba za watu wake na bakuli, kila nyumba kijiko kidogo. Waliokuwa wakisafiri kutoka miji mingine kuja kumsikiliza waliketi sakafuni mbele yake, madaktari wazima na mawakili, wakainamisha vichwa. Mimi nilitangulia barabarani kusimamisha magari. Yeye nyuma, pekupeku, kitambaa mdomoni asije akameza mdudu, na kifagio cha nyuzi laini, akifagia siafu wasije wakakanyagwa.

Aliyeniandika kazi ni mwenyekiti wa kamati yao. Yeye naye alikulia Kenya, Kiswahili anakijua vizuri, kile cha kuamrisha. "Wewe ni boi wa kwetu," alinipigapiga bega, mtu mdogo kwangu kwa umri. "Mzee akijikwaa, nakuuliza wewe." Nikacheka. Njaa huchekesha.

Kiswahili cha mzee kilikuwa kile cha dukani, lakini alikipenda. Na nilikuja kujua kwa nini alifurahi kupata mtu wa Nakuru. Siku moja tulikuwa tunapanda kwenda Harborne, kuna mgonjwa wao amelazwa hospitali ile kubwa. Ni kiangazi kile mabomu yalipolipuka kwenye treni za London, watu wanaogopa kila aliyefunika uso. Mama mmoja alivuka barabara na mtoto wake kutukimbia. Mzee akasimama, akakaa kwenye ukuta mfupi, akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwaambia wale madaktari wake.

Alikuwa na duka la vyuma Nakuru, karibu na soko. Hamali wake alitoka mlangoni na majembe mapya begani. Mzee, wakati huo kijana, alikuwa amekasirika kwa mambo yake mengine.

"Mimi nasema neno moja tu," aliniambia. "Mwizi. Moja tu. Halafu watu namaliza yeye."

Walimmaliza kwa mawe, wakaja mpaka dukani kuchukua mipini ya majembe ya kumalizia. Alimwona akitambaa kurudi dukani, uso hauna umbo tena, akiita "bosi, bosi". Na alipokwisha kukata roho, mdogo wake mzee akatoka stoo akauliza majembe yale yamefika, maana yeye ndiye aliyemtuma akapeleke kwa mteja.

Kutoka siku ile, alisema, hakumwonyesha mtu kidole. Alifunga duka, akakimbilia huku, akauza tena, akazeeka, lakini hiyo ndiyo nadhiri yake ya kwanza, kabla ya shuka na bakuli: hatamtaja binadamu yeyote mbele ya watu wenye uwezo wa kumpiga. Nilimhurumia. Sikujua kwamba nadhiri ile inaninyemelea mimi.

Sasa mwenyekiti. Huyu alikuwa na nyumba za kupangisha Aston, zile za kubanana, kuta zina ukungu. Ukichelewesha kodi alimtuma mwanawe na wenzake na mbwa mmoja mweusi mwenye sikio lililoraruka. Asubuhi moja tulipita wakati wanamtoa mama mmoja Mkongo. Mlango umevunjwa, godoro liko kwenye mvua, mama ameshikilia nguzo ya mlango na kijana wa mwenyekiti anamgongagonga vidole kwa nyundo, polepole, kama anapigilia misumari. Mama analia kwa Kifaransa na Kiswahili, anamwita Mungu. Nilimfokea yule kijana. Hakujua Kiswahili, aliniambia kwa Kiingereza nimpeleke babu yangu nyumbani kabla mbwa hajapata njaa. Mzee alisimama tu anaangalia. Niliudhika naye.

Kesho yake zamu ya kutoa chakula ilikuwa kwa mwenyekiti. Nyumba imejaa wageni, mke wake ameshapakua, wanawake wamejitanda vizuri. Kwao hiyo ni baraka, mwalimu akipokea kwako. Mzee akaingia, akatazama chakula, akaweka kiganja juu ya bakuli lake. Akageuka, akatoka. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kwa desturi yao hachukui tonge kwenye nyumba iliyomuumiza mtu, na habari za yule Mkongo zilikuwa zimefika kabla yetu. Nilimwangalia mwenyekiti. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Wiki hiyo hiyo akanifuata mwenyewe nilipokuwa namngoja mzee nje ya ukumbi wao. Mpole kabisa, leo naitwa ndugu.

"Ndugu yangu, kuanzia leo mpitishe kwa mfereji," akasema. "Magari ya barabara kubwa yatatuulia mzee."

Nikaona ni huruma. Tukapita kwa mfereji. Wale vijana walikuwa wamefunga kofia za majaketi mpaka machoni, lakini mbwa hawakumfunga chochote. Mweusi, sikio limeraruka.

Polisi alikuja hospitali nikiwa bado nimefungwa bandeji kichwa kizima. Nilimwambia yote: kijana fulani, mwana wa fulani, mbwa huyu, nyumba ile. Aliandika vizuri tu. Akaenda kwa mzee, wodi nyingine, akamuuliza kama ndivyo. Mzee akaunganisha viganja, akafumba macho, akakaa kimya. Kesho yake kimya. Kudanganya hawezi, kusema hataki. Na mwenyekiti akawaambia polisi na watu wa magazeti kwamba ni wahuni wasiojulikana, wamechukizwa na kitambaa cha mdomoni, na mwalimu ameshawasamehe. Wote wakasema ajabu ya upendo. Mimi nikabaki shahidi peke yangu, na yule polisi akaniambia, bila ubaya, kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyepigwa chupa ya uso hautafika mbali. Yaani jicho walilolitoa ndilo lililoharibu ushahidi wangu.

Wana siku yao moja kila mwaka ya kuombana msamaha. Mtu huenda kwa kila aliyemkosea, akijua au bila kujua, anaunganisha viganja. Ilipofika, mzee alinijia. Alitembea mpaka kwangu Aston na mbavu zile, akapanda ngazi akishika ukuta, akasimama mlangoni anahema.

"Mimi shika mkono yako," akasema. "Jicho yako naenda. Mimi naomba msamaha."

"Sema jina la yule kijana, mzee, tumalizane."

"Hiyo hapana. Nikisema, watu naua yeye."

"Hakuna wa kumuua huku. Huku kuna korti."

Akanitazama sana. "Nakuru pia korti ilikuwa," akasema.

Nilimpa maji yaliyochemshwa, hayo ndiyo pekee aliyokunywa, na sikumwambia nimemsamehe. Akashuka ngazi. Kifua hakikupona, alikufa kabla ya baridi kwisha. Mwenyekiti alibeba jeneza mbele kabisa, bega la kulia, akipigwa picha.

Na mwaka uliofuata, siku ile ile yao, mwenyekiti akanigongea. Ana boksi la peremende. Akaunganisha viganja, akasema, "Kama nimekukosea kwa neno au kitendo, nikijua au nisijue, nisamehe."

"Nikusamehe nini?" nikamuuliza.

"Yote, ndugu yangu."

"Taja moja."

Akatabasamu, akasema mwalimu hakutaka watu watajane. Akaliweka boksi kwenye ngazi, akaenda zake. Mwanawe alikuwa chini kwenye gari, injini inanguruma.

Basi leo nauliza mimi, niliyeishia darasa la sita, na nakuuliza wewe, mwenyekiti, si mwingine. Mwalimu alisamehe mbavu zake, zilikuwa zake. Hakunisamehea jicho langu, alikuja kwa miguu kuniomba mimi, maana yeye alijua tofauti. Wewe ulipata wapi ruhusa ya kumwambia polisi kwamba wameshasamehewa? Nani alinielekeza nipite mferejini? Nani alimwambia mwanao saa yetu ya kupita? Simama mbele ya watu wako wale wanaoketi sakafuni, na yule mama Mkongo awepo aonyeshe vidole vyake, unijibu kwa mdomo usiofungwa kitambaa. Mimi sina nadhiri. Mimi nataja: ni wewe na mwanao. Jibu.