Leso Mbele ya Zumari

Nikisikia harufu ya ukwaju, kinywa hunijaa mate kama cha mtu yeyote. Ila mimi hata masikio hunisimama, yakingoja zumari. Ni tangu msimu wa harusi wa mwaka ule tulioanza kuandika Kisomali shuleni, nilipokuwa na umri wa kuachiwa wadogo zangu niwachunge, nikasahau kuwachunga. Kisiwa chetu cha Kudhaa kilinukia udi na samaki wa kukaanga, na biharusi alikuwa wa nyumbani kwetu: dada yangu Mwanaisha, aliyeolewa na kijana wa kisiwa jirani cha Ngumi.

Watu wa Ngumi walileta santuri kutoka Kismayo, pamoja na spika ya betri, wakitamba kwamba ndiyo itakayomtoa biharusi nyumbani. Nyanya yetu akawajibu, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akaagiza Mjomba Athmani aitwe. Mjomba alirithi zumari ya babu yake, mti mweusi wenye kinywa cha shaba. Ulimi wa zumari, kile kipande kinacholia kikipulizwa, aliukata mwenyewe kwa ukuti mkavu wa mvumo, akauloweka mdomoni kabla ya kupuliza. Wapulizaji wa mjini walishaanza kukata ndimi za plastiki. Yeye alisema zinalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Tuni zake zilikuwa zilezile zilizomtoa nyanya kwao, na Mwanaisha alishaapa ndani, "Bila zumari sitoki."

Alasiri uwanja ulifurika. Kina mama walishika pembe zao za vugo, vijiti juu tayari kuzigonga. Mjomba akavimbisha mashavu, tuni ikapanda, nywele zikanisimama. Ndipo watoto wa Ngumi wakajipanga mbele yake, kila mmoja na pande la ukwaju, wakaufyonza kwa sauti huku wamemkazia macho. Zumari ikakoroma, ikanyamaza. Upande wa pili mtu alikuwa ameshainamia santuri.

"Kanwa limeyaa mate," Mjomba aliniambia pale kando yake, kwa hasira na kwa lahaja ya kisiwani. "Mchu hapulizi mate." Alimaanisha mtu hawezi kupuliza zumari mdomo ukiwa umejaa mate.

Sikufikiri. Nilivua leso mabegani, nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaitandaza mbele ya uso wake. Watoto wakafyonza na kufyonza, lakini hakuwaona tena. Nyuma ya leso akatema, akaupangusa ulimi wa zumari, akaanza upya, na nguo ikawa inanitetemekea vidoleni. Pembe zikaidaka tuni yake. Mlango ukafunguka, Mwanaisha akatoka, na hata watoto wa Ngumi wakacheza, midomo imewachachuka. Mikono iliniuma hadi mabegani na sikuishusha. Sijawahi kufurahi vile.

Siku hizi tumetawanyika, na biharusi hutolewa kwa spika. Tuni za kale zimo ndani ya simu, na simu haitokwi na mate. Lakini juzi, kwenye harusi ya mjukuu wa Mwanaisha huko Kismayo, kijana mmoja alikuja na zumari ya mti, ulimi wake wa mvumo. Alipuliza vizuri mno, nikalia. Watoto walimtazama kidogo, wakarudi kwenye simu zao. Hakuna aliyeona haja ya kumchokoza, na hilo liliniuma kuliko kama wangemzomea. Nikaenda dukani, nikanunua ukwaju, nikawagawia wote, nikawaonyesha namna ya kuufyonza kwa sauti na wapi pa kusimama. Kisha, na magoti yangu haya, nikavua leso nikakimbia kwenda kumkinga.