Tangazo Nililolifupisha

Niliporudi kutoka Uingereza nilikuwa na diploma ya mawasiliano, taipureta ndogo ya kubeba mkononi, na koti zito ambalo Nairobi haikuwa na baridi ya kulistahili. Sikusomeshwa na mtu. Alfajiri nilipanga mikate kiwandani, jioni nikaingia darasani, na miaka mitatu ikapita hivyo. Kwa hiyo chuo kikuu kimoja hapa mjini kiliponipokea kusomea shahada ya mawasiliano na kuniruhusu niruke mwaka wa kwanza, sikushangaa. Ningeshangaa kama wangenikataa.

Nilikaa kwa wazazi wangu, mtaa wa Mowlem. Vijana wa mtaani wakiniona na vitabu walikuwa na lao.

"Niaje, msee wa majuu! Leo unasoma habari saa ngapi?"

Nilisimama nikawaeleza kwamba mawasiliano si kusoma habari. Ni elimu ya jinsi ujumbe unavyotoka kwa mtu mmoja ukamfikia mwingine.

"Si hiyo ni posta?" mmoja akauliza, na wote wakaangua kicheko.

Darasani hakuna aliyenicheka. Mhadhiri wetu, mama mkali asiyependa maneno mengi, alitupa kila wiki zoezi la kufupisha: ukurasa mzima uwe sentensi mbili. Langu alilisomea darasa zima. Nasema hivi si kwa kujisifu, ingawa sina sababu ya kutojisifu. Nasema ili ieleweke kwa nini nilifanya nilichofanya mzee wa mlango wa pili alipofariki.

Alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtu wa magharibi mwa nchi. Jumatatu mjane wake aliniita. Alikuwa ameketi na rafiki wa marehemu, mzee mwingine wa reli, mwenye karatasi mbili za daftari zilizojaa mwandiko pande zote.

"Mwanangu," mjane aliniambia, "wewe ndiwe uliyesomea mambo haya. Tupigie chapa tangazo la redio."

Miaka hiyo redio ndiyo iliyopeleka habari za msiba mashambani. Baada ya habari za saa saba mchana vilisomwa vifo, na nyumba nzima ilinyamaza, hata kama haikuwa na mgonjwa. Zile karatasi mbili zilikuwa majina matupu: mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, ndugu wa fulani wa mashamba ya chai Kericho, shemeji wa fulani wa soko fulani. Habari yenyewe ilikuwa mistari mitatu chini kabisa. Niliketi kwenye taipureta yangu nikafanya kazi niliyofundishwa. Nikaweka jina la marehemu, mahali pa mazishi na siku: mwili ungeondoka Nairobi Ijumaa, mazishi yangekuwa Jumamosi. Majina yote mengine nikayageuza kuwa maneno manne: jamaa na marafiki wote. Sikumwonyesha mtu. Nililipeleka redioni mwenyewe, na karani wa pale akasema hajapata kuona tangazo safi kama lile.

Jumanne lilisomwa. Lilikwisha kabla mjane hajakaa vizuri. Tulingoja, tukasikia msomaji akianza kifo cha mtu mwingine.

"Majina yako wapi?" mzee wa reli akauliza.

"Nimesema jamaa wote, mzee."

"Jamaa Wote ndiye nani? Kwao wapi? Nani atamwambia kwamba ameitwa?"

Mjane hakupaza sauti. Alifunga kanga yake upya kiunoni, akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kwa sababu sikuuliza. Marehemu alikuwa na kaka mkubwa, huyo wa Kericho. Waligombana juu ya mpaka wa shamba, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi. Kwao kaburi halichimbwi kabla kaka mkubwa hajaonyesha mahali.

"Yule ni mtu wa kuitwa," alisema. "Akisikia msiba na jina lake halimo, atajua tumemkata. Hatakuja. Na asipokuja nitamweka wapi mume wangu?"

Nilipendekeza telegramu. Ingefika kesho yake.

Mzee wa reli alinitazama kama mtu aliyepanda treni isiyo yake. "Telegramu ataisoma peke yake, aitie mfukoni, aseme hakuiona. Redio wataisikia watu anaofanya nao kazi. Hao ndio tunaowaita waje wamtoe nyumbani. Hukufundishwa hilo huko ulikokwenda?"

Sikuwa nimefundishwa. Jumatano asubuhi nilikaa darasani nikiitazama michoro ubaoni: mtumaji, ujumbe, mpokeaji, mshale ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nilinyoosha mkono nikauliza itakuwaje kama ujumbe umeandikiwa mtu mmoja ili usikiwe na majirani zake. Mhadhiri aliweka chaki chini.

"Nani amekwambia hayo?"

"Mzee mmoja wa reli, Mowlem."

"Kayaandike," alisema. Hatimaye niliyaandika, kurasa themanini, na yalikuwa mradi bora wa mwaka wetu. Lakini Jumatano ile sikuwaza mradi. Nilitoka kabla kipindi hakijaisha, nikachukua karatasi mbili za mzee, nikapiga chapa kila jina kama lilivyokuwa, hata yale niliyodhani yamerudiwa. Karani wa redio alishika kichwa. Nilimwambia asiguse hata koma.

Alhamisi lilisomwa. Jina la kaka mkubwa lilikuja mapema, pamoja na jina la shamba la chai, na msomaji akalitamka vizuri. Mjane alisikiliza amefumba macho. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na usiku ule mimi, niliyezoea kulala kama gogo, sikulala.

Ijumaa, jua likiwa limetoka tu, mwanamume mrefu mwenye mvi aliingia uani akiwa amevaa koti la mvua na kubeba mfuko wa majani ya chai. Hakubisha hodi. Mjane alipomwona alikaa chini palepale mlangoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Shemeji," alisema yule mgeni, "nimekuja kumchukua mdogo wangu."

Alipopewa kiti akasema mambo yalivyokuwa. Jumanne alisikia tangazo, akazima redio, akaenda kuchuma chai. Alhamisi watu walianza kumjia mmoja mmoja kumpa pole: wachumaji wenzake, mnyapara, hata mwenye duka. Kila mmoja alimuuliza anaondoka saa ngapi. "Wa tano alipouliza," alisema, "nilikuwa nimeshavaa viatu."

Akageuka kutazama waliokuwepo. "La jana aliandika nani?"

Mjane alinionyesha kwa kidevu. Mgeni aliinuka akanipa mkono kwa mikono miwili, akanishukuru. Ningeweza kuishia hapo, na mzee wa reli alikuwa amenyamaza makusudi kuona kama nitaishia hapo.

"Na la Jumanne niliandika mimi," nikasema. "Wao walikutaja. Mimi ndiye niliyekutoa."

Hakuuachia mkono wangu. Aliuliza kama vifo vya leo vimeshapelekwa redioni. Nikamwambia wanapokea hadi saa nne asubuhi.

"Basi lete karatasi," alisema. "Kuna shangazi yetu ng'ambo ya mto. Hata hawa wamemsahau."

Nilikwenda kuichukua taipureta. Alinitajia jina la shangazi, la marehemu mumewe, la kijiji na la kanisa lililo karibu, nami nikayaandika yote.